Kulinganisha, Kupambanua na Kuunganisha Mawazo katika Kiingereza: Mahali Mfasiri wa Kiswahili Anapolazimika Kuchagua

0. Utangulizi

Tarehe 8 Aprili 2022, mjini Nairobi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili. Mkataba ulioiunda Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, uliweka katika kifungu chake cha 137 kwamba lugha rasmi ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano baina ya watu wake. Ingawa wakuu wa nchi wameridhia baadaye Kiswahili na Kifaransa viwe navyo lugha rasmi, maandiko mengi ya Jumuiya bado huzaliwa katika Kiingereza. Kwa msomi wa Kivu au wa Katanga, Kiingereza mara nyingi ni lugha ya tatu au ya nne, baada ya lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kifaransa. Hata hivyo ndiye atakayetakiwa kuyafasiri maandiko hayo.

Mwanafunzi anayefasiri andiko la Kiingereza huhangaikia zaidi majina na vitenzi. Akikutana na neno asilolijua, hufungua kamusi. Maneno kama "but", "since", "than" na "unless" hayamtishi, maana ameyazoea tangu masomo ya kwanza. Kumbe hapo ndipo makosa makubwa hupita bila kuonekana. Jina likifasiriwa vibaya, msomaji hushtuka na kuuliza. Kiunganishi kikifasiriwa vibaya, sentensi hubaki nzuri na sarufi yake hubaki salama, ila hoja inayosomwa si ile iliyoandikwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiingereza kinavyolinganisha vitu, kinavyopambanua mawazo yanayopingana na kinavyoyaunganisha yanayofuatana. Wazo litakalotuongoza ni hili: kila lugha humlazimisha msemaji kuchagua mahali fulani ambapo lugha nyingine humwacha huru. Kazi ya mfasiri ni kupajua mahali hapo kabla ya kuandika.

1. Kulinganisha

1.1. Maumbo ya ulinganishi

Kiingereza kina njia mbili za kuonyesha kwamba sifa imezidi. Vivumishi vya silabi moja huongezewa "-er": "deep" huwa "deeper". Vivumishi virefu hutanguliwa na neno "more": "dangerous" huwa "more dangerous". Vile vya silabi mbili vinavyoishia kwa "y" hufuata njia ya kwanza, kama "heavy" inavyokuwa "heavier". Vichache vina maumbo ya pekee: "good" huwa "better", na "bad" huwa "worse".

Siku hizi njia hizi mbili hazichanganywi, na mwanafunzi anayeandika "more deeper" husahihishwa. Zamani haikuwa kosa. Katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, Shakespeare alikutanisha "most" na "-est" katika kivumishi kimoja, wala watu wa wakati wake hawakuona ajabu. Kanuni ya kutochanganya ilitiliwa mkazo na wanasarufi waliokuja nyuma yake.

Kiswahili hakigusi umbo la kivumishi. Twasema: "Ziwa Tanganyika lina kina kirefu kuliko Ziwa Kivu." Neno "kuliko" limeundwa kwa ku-li-ko, yaani mahali kitu kilipo. Katika mazungumzo ya Bukavu na Lubumbashi twasikia pia "kupita": "Huyu ni mrefu kupita yule." Nalo neno "than" la Kiingereza lina asili moja na "then", lenye maana ya "kisha". Hivyo ulinganishi umetokana na mahali katika neno la kwanza, na mwendo katika la pili, na mfuatano wa wakati katika la tatu. Si ajabu basi kwamba hazilingani neno kwa neno.

1.2. Kuzidi, kulingana na kupungukiwa

Kina cha Ziwa Tanganyika hufikia mita 1,470 hivi, na kile cha Ziwa Kivu mita 485 hivi. Mwingereza aweza kusema: "Lake Tanganyika is three times as deep as Lake Kivu." Idadi ya mara hutangulia muundo wa "as … as", ambao peke yake huonyesha usawa. Kwa Kiswahili twageuza sifa kuwa jina: "Kina cha Ziwa Tanganyika ni mara tatu ya kina cha Ziwa Kivu."

Ugumu huja tunapofika kwenye upungufu. Kiingereza husema bila taabu: "Lake Kivu is less deep than Lake Tanganyika." Kiswahili hakina neno moja jepesi linalosimama mahali pa "less" mbele ya sifa. Mfasiri ana njia mbili. Aweza kuipindua sentensi: "Ziwa Tanganyika lina kina kirefu kuliko Ziwa Kivu." Au aweza kukanusha usawa: "Ziwa Kivu halina kina kirefu kama Ziwa Tanganyika." Ukweli wa maji haubadiliki, lakini kinachozungumziwa kimebadilika. Ikiwa aya nzima inaeleza Ziwa Kivu, kuipindua sentensi ni kumwondoa msomaji Goma na kumpeleka Kalemie bila sababu. Njia ya pili ndiyo inayofaa hapo.

1.3. Ulinganishi wa kadiri

"The higher you climb, the colder it becomes." Ndivyo awezavyo kusema mtu anayepanda Nyiragongo, mlima wenye urefu wa mita 3,470 hivi. Kwa Kiswahili: "Kadiri upandavyo ndivyo baridi inavyozidi." Neno "the" hurudiwa katika pande zote mbili, nalo ni la lazima. Mwanafunzi wetu huliacha kwa kuwa Kifaransa husema "plus … plus" bila kiambishi chochote mbele. Akumbuke kwamba "the" mbili za Kiingereza hufanya kazi ya "kadiri" na "ndivyo".

1.4. Tofauti, mfanano na usawa

Kiswahili hutosheka na "na" moja: tofauti na, sawa na, kufanana na. Kiingereza hudai maneno matatu: "different from", "similar to", "the same as". Anayefuata Kiswahili huandika "different with", na hukosea. Hapa Kifaransa chaweza kumsaidia Mkongo, kwani nacho hutenganisha vilevile: "différent de", "semblable à", "le même que". Anayeshika mfano huo hatasahau. Aongeze tu kwamba Wamarekani husema pia "different than", na kwamba hilo si kosa kwao.

1.5. Ulinganishi wenye maana mbili

Tuichunguze sentensi hii: "Anakuamini kuliko mimi." Ina maana mbili. Huenda yeye anakuamini zaidi ya ninavyokuamini mimi, au anakuamini wewe zaidi ya anavyoniamini mimi. Kiswahili hakituambii. Kiingereza rasmi humtaka mwandishi achague: "She trusts you more than I" ni maana ya kwanza, na "She trusts you more than me" ni ya pili. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alieleza katika sarufi yake ya mwaka 1762 kwamba kiwakilishi kinachofuata "than" huamuliwa na kitenzi kilichofichwa. Katika mazungumzo Waingereza wengi hutumia "me" kwa maana zote mbili. Kwa hiyo mwandishi mwangalifu huongeza kitenzi: "more than I do". Mwandishi wa Kiswahili naye anayo dawa: "kuliko ninavyokuamini mimi", au "kuliko anavyoniamini mimi". Sentensi inakuwa ndefu, lakini ugomvi unaepukwa.

2. Kupambanua

2.1. Neno moja, maneno matatu

Neno "but" lilitokana na neno la kale lenye maana ya "nje ya", na kutoka hapo likapata maana ya "isipokuwa", kisha maana ya kupinga. Leo hubeba kazi tatu, ambazo Kiswahili huzigawa.

Kwanza, huongeza wazo lisilotarajiwa bila kulifuta la kwanza: "The meeting was not long, but it was useful." Hapo twasema "lakini": "Mkutano haukuwa mrefu, lakini ulikuwa na manufaa." Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Pili, husahihisha. Wazo la kwanza hukanushwa na la pili hushika nafasi yake: "The meeting was held not on Monday but on Tuesday." Hapo neno linalostahili ni "bali": "Mkutano haukufanyika Jumatatu bali Jumanne." Muundo wa "not only … but also" hufuata njia hiyohiyo: "si … tu, bali pia".

Tatu, hutoa kitu katika jumla: "All the delegates but two signed." Hapo twasema "ila" au "isipokuwa": "Wajumbe wote walitia sahihi ila wawili." Anayeandika "wajumbe wote lakini wawili" amesema maneno yasiyosimama.

Maneno haya yetu matatu, lakini, bali na ila, yalitoka Kiarabu, nasi tumeyapa kila moja kazi yake. Kijerumani na Kihispania pia hutenga "lakini" na "bali". Kiingereza na Kifaransa haviyatengi: "mais" ya Kifaransa husahihisha na hupinga kwa neno lilelile. Kwa sababu hiyo msomi aliyelelewa shuleni kwa Kifaransa huwa mwepesi wa kuandika "lakini" kila mahali. Tofauti si ndogo. "Kamati haikukataa ombi, lakini iliahirisha uamuzi" humwonyesha msomaji kwamba kuahirisha ni kasoro iliyobaki baada ya habari njema. "Kamati haikukataa ombi, bali iliahirisha uamuzi" husahihisha uvumi. Mwandishi wa Kiingereza aliandika "but" tu. Ni muktadha utakaotuambia alitaka lipi.

2.2. "Although", "despite", "however"

Maneno haya matatu yana maana zinazokaribiana, na sarufi zinazotofautiana. "Although" hutangulia kishazi chenye kitenzi: "Although the road was bad, the lorry arrived." "Despite" hutangulia jina: "Despite the bad road, the lorry arrived." Tofauti hiyohiyo iko kati ya "because" na "because of". Kwa Kiswahili "ingawa" na "ijapokuwa" hukaa pamoja na kishazi, na "licha ya" hukaa pamoja na jina.

Sisi huruhusiwa kusema: "Ingawa barabara ilikuwa mbaya, lakini lori lilifika." Neno "lakini" laja kumkumbusha msikilizaji upinzani uliotangazwa mwanzoni. Kiingereza hukataza jambo hilo. Anayetumia "although" asitumie "but" katika sentensi ileile. Kosa hili ni miongoni mwa yale yanayomtambulisha mara moja mwandishi aliyefikiri kwa Kiswahili.

"However" lina hali yake. Lina maana ya "hata hivyo", nalo ni kielezi, si kiunganishi. Haliwezi kuunganisha vishazi viwili kwa mkato peke yake. Twaandika: "The road was bad. However, the lorry arrived." Nukta yaweza kubadilishwa kwa nukta-mkato, lakini si kwa mkato. Kanuni hii yahusu pia "therefore", "moreover" na "nevertheless".

Lipo jaribio rahisi la kuzitambua jamii hizi tatu. Kishazi chenye "although" chaweza kuhamishwa kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho bila kuharibu kitu. Kishazi chenye "but" hakihamishiki, sharti kifuate kile kinachopingwa. Neno "however" lenyewe ndilo linalohama ndani ya kishazi chake, likakaa mwanzoni, katikati au mwishoni.

3. Kuunganisha

3.1. "And" na mfuatano wa matendo

Kiingereza hutumia "and" kuunganisha majina na vishazi vilevile: "the teacher and the pupil", "The teacher came in and sat down." Kiswahili fasaha hutumia "na" kwa majina, na kwa matendo yanayofuatana hutumia kiambishi "-ka-": "Mwalimu aliingia akaketi." Mfasiri anayerundika "na" baada ya "na" hakukosea maana, lakini ameacha chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Katika ukanushi, "wala" huongeza kanusho juu ya kanusho: "Hana shamba wala ng'ombe." Kiingereza sanifu hutosheka na kanusho moja: "He has neither a field nor a cow." Anayeandika "He doesn't have neither" amepeleka sarufi ya Kiswahili mahali isipopokelewa.

3.2. Wakati au sababu?

"Since the bridge collapsed, the traders have used canoes." Sentensi hii ina tafsiri mbili zilizo sawa kwa sarufi. Ya kwanza: "Tangu daraja livunjike, wafanyabiashara wametumia mitumbwi." Ya pili: "Kwa kuwa daraja limevunjika, wafanyabiashara wametumia mitumbwi." Ya kwanza hutaja muda, na ya pili hutoa sababu. Kiingereza kinamwacha mwandishi huru asichague. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri.

"While" lina mtego wa namna hiyo: "While the first commission met in Goma, the second met in Bukavu." Ikiwa mwandishi anasimulia saa, tutasema: "Wakati tume ya kwanza ilipokuwa ikikutana Goma, ya pili ilikutana Bukavu." Ikiwa anaonyesha tofauti ya mahali tu, tutasema: "Tume ya kwanza ilikutana Goma, ilhali ya pili ilikutana Bukavu." Katika tafsiri ya kwanza haiwezekani mtu mmoja awe alihudhuria mikutano yote miwili. Katika ya pili yawezekana. Jambo la namna hii laweza kuwa na uzito mbele ya hakimu.

3.3. Mahali Kiswahili kinapoficha

Haitakuwa haki kudhani kwamba Kiingereza peke yake ndicho chenye mafumbo. Kiambishi "-ki-" ni moja ya vito vya sarufi yetu, nacho huficha tofauti ambayo Kiingereza huitangaza. "Kampuni ikipata shaba, itajenga shule." Je, kupata shaba ni jambo la hakika linalongojewa, au ni jambo la bahati? Mwingereza atauliza swali hilo papo hapo, kwa kuwa lazima aandike "when" au "if". "When the company finds copper, it will build a school" ni ahadi yenye kungojewa. "If the company finds copper, it will build a school" ni ahadi yenye sharti, na shaba isipopatikana hakuna shule. Anayeandika makubaliano kwa Kiswahili na kujua kwamba yatafasiriwa, heri asiitegemee "-ki-" peke yake. Aseme "endapo" kwa sharti, na "itakapopata" kwa wakati.

Tuongeze tahadhari moja. Baada ya "when" na "if" za namna hii Kiingereza hutumia wakati uliopo, ijapokuwa jambo lenyewe ni la baadaye. Kiswahili husema "watakapofika", na Kifaransa husema "quand ils arriveront". Lugha zetu mbili za shule zikipatana, mwanafunzi huona ni sheria ya dunia nzima, kisha huandika "when they will arrive". Kiingereza husema "when they arrive".

3.4. Hatari ya "unless"

Neno "unless" hubeba sharti na kanusho kwa pamoja. Tuchukue onyo liwezalo kuandikwa kwenye dawa: "Do not take these tablets unless you have eaten." Maana yake ni: "Usimeze vidonge hivi kabla hujala", au "Usimeze vidonge hivi ikiwa hujala." Mwanafunzi aliyefundishwa tu kwamba "unless" ni jamii ya "if" ataandika: "Usimeze vidonge hivi ikiwa umekula." Kila neno la sentensi hiyo ni Kiswahili safi, na mgonjwa atatii: atameza dawa tumbo likiwa tupu, jambo lilelile aliloonywa asilifanye. Hakuna jina lililofasiriwa vibaya hapo. Kidonge ni kidonge, kumeza ni kumeza, kula ni kula. Kilichopotea ni kanusho lililojificha ndani ya kiunganishi.

4. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiingereza hubana lakini, bali na ila katika "but", na huacha wakati na sababu vikutane katika "since". Tumeona pia kwamba Kiswahili huacha "if" na "when" zikae nyumba moja katika "-ki-". Hakuna lugha iliyo tajiri kuliko nyingine kwa jambo hili. Kila moja ina mahali inapofafanua na mahali inaponyamaza.

Kwa mwalimu, pendekezo letu ni kwamba viunganishi visifundishwe kwa orodha ya neno na tafsiri yake. Vifundishwe kwa jozi za sentensi, kama zile za "lakini" na "bali" tulizotoa juu, ili mwanafunzi aone maana ikigeuka mbele ya macho yake.

Kwa mfasiri, tunapendekeza desturi moja. Akifika kwenye kiunganishi ajiulize: je, Kiswahili kina zaidi ya neno moja linaloweza kukaa hapa? Kama lipo moja tu, aendelee. Kama ni mawili, atafute ushahidi katika andiko: tarehe, mpangilio wa aya, jambo lililokanushwa kabla yake. Andiko likikaa kimya na mwandishi anapatikana, amwulize. Asipopatikana, aandike pembeni kwamba maana ni mbili. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mfasiri hutumia ulimi wa mtu mwingine, na kujikwaa kwake huwaumiza watu ambao hawakuliona andiko la asili.